Dagaa Gani?

Ndugu msomaji, jina la dagaa unalijua tangu utotoni. Ulilisikia pamoja na ugali na maharage, kabla hujajua kusoma hata herufi moja. Lakini siku ya gulio, simama mbele ya wauza dagaa utazame vizuri. Hapa pana fungu la dagaa wanaong'aa kama bati jipya. Pale pana gunia la dagaa wembamba, bapa, rangi ya fedha, wenye unjano kidogo mkiani. Pembeni yupo mama mwenye ungo wa dagaa waliochemshwa kwa maji ya chumvi. Wote watatu wanaita, "Dagaa! Dagaa!" Bei zao hazilingani. Ladha zao hazilingani. Hata samaki wenyewe si wa ukoo mmoja.

Kwa hiyo muuzaji mwaminifu ukimwambia unataka dagaa, atakuuliza: "Dagaa gani?" Ukishindwa kujibu, utapewa wowote. Na muuzaji asiye mwaminifu hatakuuliza kabisa. Atakupimia wa bei ndogo, akakutoza bei kubwa.

Basi tulitazame jina hili. Ni jina fupi, lakini lina mambo mengi ndani yake, na mengine yanagusa mfuko wako na sahani ya mtoto wako.

DAGAA WA KIGOMA

Hawa ndio wenye sifa kubwa na bei kubwa. Tunawaita wa Kigoma kwa sababu huko ndiko wanakotoka wengi wanaofika katika masoko yetu. Lakini samaki wenyewe ni wa Ziwa Tanganyika lote, na ziwa hilo ni la nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Wako wa aina mbili. Aina moja ni wembamba na wadogo, nyingine hukua zaidi kidogo. Aina zote mbili ni za ukoo mmoja na wale samaki wa kopo wanaoitwa sadini. Jambo hili ni la ajabu kidogo, maana sadini ni samaki wa baharini, na Ziwa Tanganyika liko mbali sana na bahari.

Dagaa hawa huvuliwa usiku wa giza. Zamani wavuvi walikoka moto wa kuni kwenye mtumbwi, dagaa wakaufuata mwanga, wakachotwa kwa wavu wenye mpini mrefu. Baadaye zikaja karabai, na mitumbwi miwili ikaunganishwa ubavu kwa ubavu ili wavu mkubwa ushushwe katikati na kuinuliwa. Siku hizi taa nyingi ni za betri, na nyingine hupata nguvu kutoka kwa jua. Taa zimebadilika, lakini werevu ni ule ule. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote huwa na mwanga, na taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwavuta samaki. Hapo wavuvi hukaa nchi kavu, wakashona nyavu zao. Ndiyo maana mama anayeuza dagaa anajua tarehe za mwezi mwandamo hata kama hana kalenda ukutani. Mwezi mpevu ukifika, anajua mzigo utapungua na bei itapanda.

Mwaka 2024 wakazi wa Kigoma, Katavi na Rukwa walikaa muda mrefu zaidi bila dagaa wapya. Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania kwa miezi mitatu, toka katikati ya mwezi wa Mei mpaka katikati ya mwezi wa Agosti. Nia ilikuwa kuwapa samaki nafasi ya kuzaana, kwa kuwa walikuwa wamepungua. Miezi mitatu si kitu kidogo kwa mtu ambaye kila siku yake imefungwa kwenye wavu. Lakini mtu anayekula mbegu yake yote hana cha kupanda.

Ukitaka kuwatambua dagaa wa Kigoma, tazama mng'ao wao, kisha onja. Walio wazuri hawana uchungu, na wengi huwapika wazima pamoja na vichwa vyao. Wenyeji wa Kigoma huwaunga kwa mawese. Ukikaribishwa chakula hicho, usikatae.

DAGAA WA ZIWA VICTORIA

Hawa wengi huwaita dagaa wa Mwanza, ingawa wanatoka Musoma, Bukoba na Ukerewe vile vile. Si ndugu wa sadini hata kidogo. Ni wa ukoo mwingine kabisa wa samaki wa maji baridi. Ukoo wao ni ule wa ningu, samaki anayepanda mito wakati wa mvua. Mwili wa dagaa huyu ni bapa, na urefu wake kwa kawaida haupiti kidole chako kidogo.

Samaki huyu ana historia ya kusifiwa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara aliletwa katika Ziwa Victoria. Sangara ni samaki mla samaki, na anaweza kukua hata apite kilo 100. Kufika miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwani. Furu, wale samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, walipungua vibaya, na aina nyingi hazikuonekana tena. Dagaa hakutoweka. Alizidi kuongezeka, na miaka hii kwa uzito yeye anawapita samaki wengine wote wanaovuliwa katika ziwa hilo. Sangara hukatwa minofu, akasafirishwa mpaka Ulaya. Dagaa hubaki hapa hapa, akalisha watu wa Tanzania, Kenya, Uganda na majirani zao.

Ukivuka mpaka ukafika Kisumu, ukauliza dagaa, watu watakuelewa, lakini wao watamwita omena. Hilo ni neno la Kijaluo, na limeenea mpaka Nairobi, hata kwa wasiojua Kijaluo. Ukienda upande wa Uganda utasikia mukene. Ni samaki yule yule mmoja, wa ziwa moja, mwenye majina matatu. Kwa hiyo msafiri akikuambia kwamba omena ni mtamu kuliko dagaa wa Musoma, muulize kama samaki hao wana pasi za kusafiria.

DAGAA WENGINE

Watu wa Ziwa Nyasa wana samaki wao mdogo aitwaye usipa. Akifika sokoni Songea au Mbeya akiwa mkavu, mara nyingi naye huitwa dagaa wa Nyasa. Ukoo wake uko karibu na wa yule wa Ziwa Victoria kuliko wa yule wa Kigoma.

Pwani nako wako dagaa wa baharini. Wapo dagaa mchele, wadogo na weupe kama jina lao linavyosema, na wapo wakubwa zaidi kama dagaa papa. Yuko pia samaki mdogo wa jamii hiyo aitwaye simu. Usicheke, jina hilo si la chombo cha kuzungumzia. Unguja, dagaa wa baharini huchemshwa kwa maji ya chumvi kisha wakaanikwa, na shehena kubwa huvuka bahari, ikapita bara mpaka Kongo. Kazi ya kuwachemsha na kuwaanika imewapa akina mama wengi fedha za mkononi.

JINA NA NDUGU ZAKE

Tusikilize kidogo sauti ya neno lenyewe. Warundi, wanaovua katika Ziwa Tanganyika kama sisi, husema indagara. Wengine kando ya ziwa hilo husema ndagala. Kiswahili kinasema dagaa. Je, haya ni maneno mbalimbali?

Tazama mifano mingine. Mrundi husema inzara, sisi twasema njaa. Mrundi husema kuvyara, sisi twasema kuzaa. Umeona? Pale ambapo jirani ana sauti ya r au l katikati, Kiswahili kimeiacha, zikabaki irabu mbili zimekaa pamoja. Kwa njia hiyo hiyo indagara na dagaa ni ndugu, kama njaa na inzara. Na kwa mtu wa ziwani maneno hayo mawili, njaa na dagaa, hukutana mara nyingi: moja likiingia mlangoni, lingine hutoka.

Zambia dagaa wa Tanganyika huitwa kapenta, na jina hilo limesafiri pamoja na samaki mwenyewe. Mwaka 1967 na 1968 dagaa walichukuliwa wakiwa hai kutoka Ziwa Tanganyika, wakapelekwa katika Bwawa la Kariba, lililo kati ya Zambia na Zimbabwe. Bwawa hilo lilikuwa jipya, na katikati yake, penye kina, hapakuwa na samaki wa kutosha. Aina moja ilishika, ikaenea bwawa zima, kisha ikafuata maji ya mto Zambezi mpaka bwawa la Cahora Bassa huko Msumbiji. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1950, aina hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kupandikizwa katika Ziwa Kivu. Huko Wanyarwanda humwita isambaza, na watu wa Goma na Bukavu humwita sambaza. Basi ukikutana na mtu wa Bukavu anayesifu sambaza, jua kwamba anamsifu mjukuu wa dagaa wa Kigoma.

DAGAA SI MTOTO WA SAMAKI

Hapa, ndugu msomaji, ndipo penye jambo zito. Watu wengi hudhani kwamba dagaa ni samaki wachanga, na kwamba wakiachwa watakuwa sato au sangara. Si kweli. Dagaa ni samaki kamili. Mpasue dagaa jike wa Ziwa Victoria wakati wa kuzaana, utamkuta na mayai tumboni, ingawa ni mdogo kama kidole. Hata ukimwacha miaka kumi hatakuwa sangara, na wala haishi miaka hiyo.

Kosa hili lina madhara pande zote mbili. Yuko mtu anayekataa kula dagaa akisema tunamaliza watoto wa samaki. Huyo anajinyima bure. Lakini yuko mwingine ambaye ni hatari zaidi. Huyu huvuta kokoro ufukoni, au hutumia wavu wa dagaa kwenye ghuba zenye maji mafupi, akatoa ndoo ya sato na sangara wachanga. Akiulizwa, hujibu: "Hawa ni dagaa tu." Huwaanika pamoja na dagaa, wakauzwa kwa jina la dagaa. Ndoo hiyo moja ingeweza kuwa mitumbwi kadhaa ya samaki wakubwa baada ya miaka michache. Kokoro limekatazwa kwa sababu hiyo hiyo. Dagaa wenyewe hupatikana kwa wingi mbali na ufuko, kwenye maji ya wazi.

Wewe mnunuzi unaweza kumtambua mtu huyo, bila mizani na bila kitabu. Chukua samaki mmoja mkavu. Pitisha kidole mgongoni mwake kutoka mkiani kwenda kichwani. Dagaa hana miiba mgongoni, hata wa Kigoma, hata wa Victoria. Sato, sangara na furu, hata wakiwa wachanga, wana pezi lenye miiba migumu, na kidole chako kitachomwa. Ukichomwa mara moja, huenda ni bahati mbaya, maana samaki mmoja mmoja huingia wavuni. Ukichomwa kila unapogusa, hilo fungu si la dagaa. Waonyeshe watoto wako jaribio hili. Wao ndio watakaotaka kula sato miaka ijayo.

DAGAA KATIKA MAZUNGUMZO

Jina la dagaa limetoka sufuriani likaingia katika maneno ya watu. Polisi wakikamata wezi wadogo na kuwaacha wakubwa wao, utasikia: "Wamekamata dagaa, papa wamewaacha." Maana yake inaeleweka haraka. Dagaa hapa ni mtu asiye na cheo wala fedha. Mimi nadhani samaki huyu ameonewa kidogo. Papa ni mkubwa, lakini hesabu ni nyumba ngapi zinazopika papa leo jioni, na ngapi zinazopika dagaa.

Pia twasema kwamba mtu kidagaa kimemwozea. Huyo ni mtu ambaye jambo dogo limemharibikia, limemshinda. Fikiri mwenyewe: samaki mkubwa kuoza si ajabu, kwani kumkausha ni kazi. Lakini kidagaa hukauka kwa siku moja ya jua. Kikimwozea mtu, basi mwenyewe hakukiangalia. Mwandishi wa Kenya, Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020, aliyatumia maneno hayo kuwa jina la riwaya yake ya Kidagaa Kimemwozea, iliyotoka mwaka 2012.

Wapo pia wanaosema kauzu kwa dagaa aliyekauka sana. Mtu mkavu wa macho, asiyeona haya, naye huitwa kauzu. Neno hilo usimwambie mkweo.

Wasomaji wengine huuliza: tuandike "dagaa wameiva" au "dagaa zimeiva"? Katika maandishi, wanyama na samaki hufuata mtindo wa watu: dagaa huyu ameoza, dagaa hawa wamekauka. Majumbani utasikia "dagaa hizi" na "dagaa zangu", hasa wakishaingia chunguni, na hakuna atakayekosa kuelewa. Ila unapomwandikia mtu barua, au unapoandika bei ukutani mwa duka, andika "dagaa hawa".

DAGAA WA KULA NA DAGAA WA KUKU

Liko jina moja la mwisho ambalo ni lazima ulijue, nalo ni dagaa wa kuku. Huyu si samaki wa aina nyingine. Ni dagaa yule yule aliyeharibika njiani.

Sikiliza inavyokuwa. Asubuhi mitumbwi hufika. Akina mama hununua dagaa wabichi kwa ndoo, wakawamwaga mchangani au juu ya nyasi ili wakauke. Jua likiwaka vizuri, kufika jioni kazi imekwisha. Lakini mvua ikinyesha mchana, dagaa hulowa, hugeuka rangi, huanza kunuka. Thamani yao huanguka hapo hapo. Waliokuwa chakula cha watu sasa ni chakula cha kuku, na mama aliyekopa fedha za kununulia ndoo tano hana cha kumlipa mdai wake. Msimu wa masika hasara hii huwakuta wengi.

Dawa yake inajulikana, nayo ni chanja. Simika miti, tandaza juu yake wavu wa zamani au waya, anika dagaa humo. Upepo hupita juu na chini, dagaa hukauka upesi, na mchanga hauwagusi. Mvua ikitishia, unafunika kwa turubai. Dagaa wa chanja huuzwa kwa bei nzuri zaidi, kwa hiyo gharama ya miti na wavu hurudi. Ugumu ni kupata fedha za kuanzia, na hapo kikundi cha watu kumi hufanya kile ambacho mtu mmoja hawezi.

Hatari kwako wewe mlaji ni hii. Magunia ya dagaa wa kuku husafiri katika lori moja na ya dagaa wa kula, na huko njiani magunia yanaweza kubadilishwa majina. Kabla hujapimiwa sado lako, ingiza mkono chini kabisa ya gunia, usichukue wa juu waliopangwa. Dagaa mzuri hukatika kwa mlio ukimvunja. Aliyeharibika ni mlegevu, ana rangi ya kahawia au nyekundu, na harufu yake hukaa mkononi. Huyo mwachie kuku, na hata kuku mwenye ukungu usimpe.

Kwa nini ujisumbue hivi kwa samaki mdogo? Kwa sababu dagaa huliwa mzima. Katika samaki mkubwa tunakula nyama na kutupa mifupa. Katika dagaa tunakula nyama, mifupa, kichwa na macho, na humo ndimo yalimo madini ya kujenga mifupa na kuongeza damu, pamoja na vitamini. Mtoto anayeanza kula, na mama mjamzito, wanavihitaji vitu hivyo kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani. Kwa mtoto mdogo, watwange dagaa wakavu safi wawe unga, chekecha, kisha weka kijiko kimoja katika uji au mboga yake wakati unapika. Mtoto hatakwamwa, na hatachagua. Wale wa Ziwa Victoria, watoe vichwa na matumbo kama uchungu unamkera, ingawa ukifanya hivyo unapunguza faida.

Kuhusu mchanga, usiwasugue dagaa wakiwa ndani ya maji machache, kwani mchanga utawarudia. Weka maji ya vuguvugu mengi katika beseni, watie dagaa, wakoroge kwa mkono mara mbili tatu, kisha waache kidogo. Mchanga utazama. Sasa watoe dagaa kwa mkono kutoka juu, wala usimwage maji wakiwa humo. Tazama chini ya beseni. Ukiona mchanga, badili maji urudie. Walioanikwa kwenye chanja watataka maji ya kwanza tu. Walioanikwa chini watataka mara tatu, pengine nne.